Sikio la Mativo

Katika bendi yetu hakukuwa na kura, na mtu asininunie kwa hilo. Mmoja alitoa sauti, wengine wakamfuata, na huyo mmoja ni mimi. Kabla ya kila dansi tulijifungia kwenye chumba chochote tulichopewa, jikoni, stoo ya kreti za bia, safari moja hata banda la kuku kule Kibwezi. Wote kimya. Naugonga uzi wa tano wa gitaa langu, na Twalib anakaza au analegeza besi yake mpaka tukutane. Hatukubeba chombo cha kupimia sauti kama wale wapigaji wa hoteli za mjini wanaosoma muziki kwenye karatasi. "Sikio la Mativo linatosha," ndivyo tulivyosema, na aliyebisha alibeba spika peke yake mpaka kwenye gari.

Bendi iliitwa Ngurumo. Tuliianzisha Makongeni, Nairobi, uhuru ukiwa bado mbichi: mimi karani wa reli mwenye gitaa la kuazima, Twalib kijana wa Pumwani aliyeshona akala, viatu vya matairi, pale Kariokor, na Kimeu, dereva wa lori aliyepiga ngoma kana kwamba zimemtukania mama. Tulipiga roki. Wazee walisema roki ni kelele za wazungu, tukawaimbia roki kwa Kiswahili na Kikamba mpaka chupa zikacheza mezani. Barabara yote ya Mombasa ilitujua. Emali, Makindu, Mtito, Voi, mpaka baharini, kila mwaka tulishuka na kupanda. Niliacha kazi ya reli kwa ajili ya barabara hiyo, na sikuwahi kumwomba mtu msamaha.

Haya ninayosimulia yalitokea mwaka wa 1984, mwaka wa ukame na unga wa manjano. Disko lilikuwa limeshatumaliza. Mtu mmoja na santuri zake, hatoi jasho, hakatikiwi na uzi, anafanya kazi ya watu watatu na wasichana wanamwita kwa jina. Kimeu alikuwa amerudi kwenye lori. Twalib alikuwa amerudi kwenye akala, vidole vyake vya besi vikikata matairi. Mimi sikuwa na pa kurudi.

Nilikuwa na chumba Makongeni, kitanda na jiko la mafuta. Mke wangu Kavata alikuwa nyumbani Mwala, kwenye shamba alilolilima miaka yote niliyokuwa barabarani. Alikuwa mke mwema, na alikuwa amejifunza kuishi bila mimi. Nikienda kwake alinipanguzia kiti cha wageni na kuniuliza kama chai ina sukari ya kutosha. Wanasema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mimi siku ya tatu hata jembe sikupewa, aliniuliza basi langu ni la saa ngapi. Basi nilirudi Nairobi nikakaa kitandani nikiwa na gitaa mapajani, na sitasema uongo, kulikuwa na jioni nilizotamani mtu yeyote aje, hata mwizi.

Nairobi yenyewe ilikuwa imeharibika. Watu walikuwa wameanza kutafuna maneno badala ya kuyasema. Betri za redio zilikuwa hazidumu. Hata ndege waliokuwa wakipiga makelele asubuhi kwenye miti ya reli walikuwa wamehama. Siku moja nilimwambia jirani yangu Fatu kwamba ndege wametukimbia. Akaniangalia, akatazama juu mtini kwa muda, kisha akasema, "Ndiyo, mzee, wamehama," akaingia ndani na ndoo yake.

Mwezi wa kumi ndipo Idarusi alipotuma neno. Idarusi ana ukumbi Voi, na ndiye aliyekuwa akitupangia safari tangu tukiwa na nywele. Alitaka Ngurumo kwa Disemba nzima, Emali mpaka Mombasa. Ila alikuwa na sharti. Siku hizi watu wanataka kinanda, alisema, na bila kinanda atachukua disko. Nilitukana kwa Kikamba, kisha nikakubali. Kwangu safari hiyo haikuwa muziki peke yake. Ilikuwa mwezi mzima wa kulala chumba kimoja na watu wanaokoroma.

Twalib, Muislamu safi, ndiye aliyekwenda kutafuta mpigaji kanisani. Alisimama nje ya dirisha la kanisa moja la mtaa wa Jericho, akasikiliza ibada nzima, akamrudisha kwetu Nduta, mama wa makamo, mpole, mwenye kinanda cha umeme chenye miguu ya kukunja kama meza ya pasi. Jumamosi mchana tukakutana kwenye ukumbi wa Kaloleni kwa mazoezi. Nilivaa koti langu la jukwaani. Kimeu alinicheka, lakini nilimwona na yeye amevaa lake.

Nikafunga mlango. Nikaugonga uzi wa tano. Twalib akalegeza besi, akalegeza tena, akaniitikia kwa kichwa. Tukaanza.

Hatukufika mbali. Nduta aliondoa mikono kwenye kinanda.

"Mzee, samahani," alisema. "Tumeachana."

"Tumeachana wapi? Wimbo ni huohuo."

"Wimbo ni huo. Lakini nyinyi mko chini, mimi niko juu."

"Basi shuka."

"Hii haishuki, mzee. Ni ya stima. Haikazwi, hailegezwi."

Nilicheka kwa sauti. Nikamwambia kinanda chake kina homa, akipeleke zahanati. Nikamwambia nilikuwa nikitoa sauti katika bendi hii yeye akiwa bado ananawishwa uso na mama yake. Alinisikiliza mpaka mwisho, mikono mapajani, bila kununa. Kisha akamgeukia Twalib.

"Kaka, kwani wewe husikii?"

Twalib aliangalia viatu vyake. Nikamtazama Kimeu, naye alikuwa akikaza ngoma iliyokuwa tayari imekazwa.

"Dada," Twalib alisema hatimaye, "chomoa hicho kinanda. Tutaenda bila kinanda."

"Tutaenda wapi bila kinanda?" nilifoka. "Idarusi amesema nini? Hakuna anayechomoa kitu! Nduta, toa wewe sauti. Nitakufuata mimi, tuone nani mgonjwa."

Akabonyeza, akashikilia. Nikashika kigingi cha uzi wa tano, nikaanza kukaza. Na hapo, kwa mara ya kwanza, nikajikuta nikifanya jambo ambalo nadhani nilikuwa nimelifanya siku nyingi bila kulijua. Sikuwa nikisikiliza. Nilikuwa nikimtazama Twalib usoni. Nilikaza huku nikingoja nyusi zake zitulie, na zilipotulia nikaacha. Nikashusha macho sakafuni, nikageuza kigingi ovyo, nikajaribu tena nikitumia masikio tu. Sauti ya kinanda ilikuwa mahali fulani, nyuma ya ukuta, kama watu wanaoongea nyumba ya tatu. Nilikaza mpaka uzi ukakatika.

Nilikaa juu ya spika.

"Tangu lini?" niliuliza.

"Bwana Mativo..."

"Twalib. Tangu lini?"

Alikuja akachuchumaa mbele yangu, akasema polepole, akiuweka mdomo wake mahali ninapouona. Wakati huo ndipo nilipotambua kwamba alikuwa akisema nami hivyo kwa muda mrefu, nami nikidhani ni adabu za kwao Pumwani.

"Tangu kabla ya kafyu ya themanini na mbili," alisema. "Kila safari ulikuwa unashuka kidogo. Tukashuka na wewe. Si wote tuko chini? Nani atajua? Mimi nilikuwa naimba juu, sasa naimba kama shehe anayeumwa kifua."

"Na nyinyi mkanyamaza."

"Sasa tungefanya nini?" Kimeu alisema kutoka nyuma ya ngoma, kwa hasira, macho yamemjaa machozi. "Wewe ndio unatoanga sauti. Tukuambie sikio limekufa? Si ungeturukia?"

Kweli ningewarukia. Niliumia, na sitaki kulipamba neno hilo. Mtu akikudanganya kwa ubaya unapata wa kumchukia. Hawa walinidanganya kwa mapenzi, dansi baada ya dansi, wakiteremka nami gizani ngazi kwa ngazi, na mimi mbele nikijiona kiongozi.

Twalib alifunga uzi mpya. Alilichukua gitaa langu, akakaa kando ya Nduta, na wawili hao wakazipanga nyuzi zote sita. Ilimchukua muda mfupi sana. Akanirudishia. Tukapiga tena wimbo uleule, na niliwaona wakibadilika. Kimeu alifungua mdomo kama mtoto. Twalib aliimba amefumba macho, shingo imenyooka, kwa sauti yake ya ujana, nadhani, maana niliiona mishipa ikimsimama. Tulipomaliza Kimeu aliruka kutoka kwenye kiti chake, akamshika Nduta mikono yote miwili. Walikuwa wakicheka. Kumbe walikuwa na njaa ya kitu hiki miaka yote, na hawakuniambia.

Mimi nilisikia kilekile nilichosikia mwanzo. Hakuna tofauti. Nimelala peke yangu katika vyumba vingi, lakini sijawahi kuwa peke yangu kama nilivyokuwa hapo, katikati ya wimbo wangu, nimezungukwa na watu wanaofurahi.

"Umeona?" Twalib alisema. "Hakuna shida. Tutakutuni sisi. Kila jioni, kabla hujapanda. Tunaenda Voi, kaka."

"Na uzi ukilegea katikati ya dansi? Nani ataniambia? Watu wa Mtito?"

"Mimi nitakukonyeza."

"Nitapiga roki nikikuangalia wewe kope?"

Kimeu alicheka, mimi sikucheka. Lakini nilikitaka kitanda kile cha Voi, nalikiri. Niliutaka mkoromo wa Kimeu. Ningeweza kusema ndiyo, na wangenibeba mpaka Mombasa na kunirudisha, na hakuna ambaye angelalamika. Basi nikawapa mtihani, na ulikuwa mtihani wangu.

Kuna wimbo wetu unaitwa "Kavata". Niliutunga nikiwa barabarani, kumwambia mke wangu kwamba nitarudi. Unaanza kwa kishindo, kisha ngoma inaacha, besi inaacha, na mwishoni inabaki sauti moja nyembamba juu kabisa, inavutwa mpaka inakufa. Sauti hiyo huwa ya gitaa langu. Nilimwambia Nduta aipige yeye.

"Nitakaa pale chini, niwape mgongo," niliwaambia, "maana haya macho yangu ni waongo. Sauti ya mwisho ikifa, nitainua mkono. Nikiinua kwa wakati wake, tunaenda, na mtanituni mnavyotaka. Nikikosea, Ngurumo imekwisha leo, na mtu asinibembeleze."

"Mativo, acha," Twalib alisema.

"Pigeni."

Nilivuta kiti mpaka katikati ya ukumbi, nikakaa nikiangalia mlango. Katika miaka yote ile sikuwahi kukaa mahali wanapokaa watu. Kishindo cha Kimeu kilinipanda kwenye miguu ya kiti. Besi niliipokea kifuani, nene, salama. Twalib alikuwa akiimba, nilijua ni ubeti upi kwa hesabu ya ngoma. Nikamwona Kavata kwenye shamba lake, ameinama, haangalii barabara. Kisha sakafu ikatulia. Besi ikatoka kifuani. Ikabaki ile sauti nyembamba.

Na niliisikia. Wallahi, kama asemavyo Twalib, niliisikia! Ilikuwa juu, safi, haitetemeki, kama nilivyoipiga mimi usiku wa kwanza Voi, na watu wote wakasimama. Machozi yalinitoka. Nilisema moyoni, huyu mama wa kanisani ana mkono wa ukarimu, angalia anavyoivuta. Nilikaa nimeshika magoti, mkono tayari, nikingoja ianze kufa. Haikufa. Niliifuata, nikaifuata, nikawaza nguo nitakazofunga, nikawaza nitamwambia nini Idarusi. Bado ilikuwa inaimba.

Mkono ulinigusa begani. Niligeuka. Twalib alikuwa amesimama nyuma yangu. Jukwaani Nduta alikuwa akikunja miguu ya kinanda, waya umeshazungushwa, na Kimeu amekaa kwenye ukingo wa jukwaa, koti liko mapajani, uso ameufunika.

Ile sauti bado ilikuwa masikioni mwangu, haijapungua hata kidogo.

"Imekwisha lini?" nilimuuliza.

Aliuweka mdomo wake mahali ninapouona. "Zamani, kaka," alisema.

Nikainua mkono.