Asilimia Mia na Kumi na Mbili

Araba Quansah alirudia hesabu mara ya nne, jibu likawa lile lile. Jiko la mama yake mdogo lilikuwa limetoa joto kubwa kuliko lililokuwamo kwenye mkaa aliolitia. Kwa kila mia iliyoingia, zilitoka mia na kumi na mbili.

Asubuhi ile Dokta Arkorful, mwalimu wake wa chuo, alikuwa amemrudishia karatasi. "Binti, hapa umeumba nishati. Mungu mwenyewe alimaliza kazi hiyo siku ya sita. Niletee jibu linalowezekana kabla ya saa kumi, la sivyo somo utalirudia mwakani."

Araba hakujua tena aamini nini, kanuni ya ubaoni au mizani aliyoishika kwa mikono yake. Akaenda kwa mama mdogo Ewurabena, akamkuta akifunga dokono, madonge ya mahindi ya kuuza, kwenye majani ya mgomba.

"Mama mdogo, siku nilipopima, hukuniongezea mkaa nilipogeuka?"

"Mkaa ulivyo adimu, nikuongezee wewe na vikaratasi vyako?"

"Na maji? Hayakuwa ya moto tayari?"

"Si uliyateka mwenyewe kisimani? Vitabu vitakumaliza, mwanangu."

Maji lita thelathini, mkaa gramu mia tatu. Kila kitu alikiandika. Araba akaketi kigodani, akakishuku kipimajoto, kisha kichwa chake mwenyewe.

Mama mdogo akachukua kijiti, akafukua majivu ya jiko. Chini yake yalikuwepo makaa mekundu, rundo zima.

"Nani amewasha?"

"Awashe nani? Moto huu haulali. Jioni naufunika, asubuhi naufunua, kama mama alivyonikabidhi. Muuza dokono akiomba moto kwa jirani, mji mzima humcheka."

"Hata siku ile niliyopima?"

"Hata siku ile. Ulitupia vipunje vyako juu, ukasifu jiko linashika upesi."

Kwenye karatasi Araba alikuwa ameandika: jiko tupu. "Itabidi nilizime, nianze na jiko baridi."

Mikono ya mama mdogo ikasimama juu ya jani. "Uzime moto wa bibi yako ili ufaulu?"

Ilikuwa saa nane. Araba aliyatazama makaa, akamtazama mama mdogo, na hakuweza.

"Basi niupime ukiwa hai."

Wakayachota kwenye karai, wakayapima mbiombio, wakayarudisha. Kilo moja na robo. Akayajumlisha na mkaa wake. Jibu likashuka hadi asilimia ishirini na mbili.

Saa kumi kasorobo Dokta Arkorful aliisoma karatasi, hata mstari wa mwisho: *Makaa haya ni ya leo. Ya siku ile sikuyapima, wala sijui yalibaki kiasi gani.*

"Huu moto uliwashwa lini?"

"Sijui, mwalimu. Bibi naye alikabidhiwa."

Dokta akatia sahihi. "Hili linawezekana."

Araba alitoka amefaulu, akashuka ngazi polepole. Bado hakujua hesabu ya jiko lile angeianzia wapi.