Dira Mbele, Kioo Nyuma

...na dira ije mbele, hilo halina mjadala, mpishi wa kantini alikuwa akisema huku akiisukuma ile dira mpaka mwanzo wa safu, na Simba wa Nyika, maana ndivyo madereva wote wa karakana walivyomwita na jina kajipachika mwenyewe, bado kashika kioo cha ubavuni cha lori, hajui akiweke wapi, mwalimu wa usalama kaandika ubaoni kwa chaki, lori limekufa nyikani, vitu ndivyo hivi mezani, vipangeni kwa umuhimu, kundi zima likubaliane, likubaliane!, watu ambao hata sukari ya chai hawajawahi kukubaliana, turubai, dumu la maji, kisu, tochi, chumvi, dira, na kioo hiki kinachomwonyesha kipande cha shavu na mvi zake, kioo kama kile kile... na shemeji, mdogo wa mkewe, yuko huko nyikani, tangu juzi hajafika na mzigo wa saruji, simu haipatikani, mkewe asubuhi alipokuwa akimfunga vifungo vya shati kasema, "Mdogo wangu njia ile umemfunza wewe, mimi sina wasiwasi," hana wasiwasi, na kifungo kikakosa tundu lake mara mbili... "Dira kwanza," fundi wa matairi akaunga mkono, mwanamke asiyemkubalia mtu bure, "Simba si alitoka nyikani kwa dira na miguu yake? Hebu tukumbushe, baba, simba alikupisha au wewe ulimpisha?" wakacheka, na midomo yake ikacheka yenyewe kwa mazoea, maana hadithi ile tamu bwana, alivyotembea usiku na mchana, alivyokunywa maji ya rejeta ya injini, alivyomwamkia simba na simba akaona haya akashuka barabarani, na mwisho wake ni ule ule, mwanaume hakai chini ya lori kama kuku anayeatamia, na shemeji hapo mkekani akisikiliza, mtu mzima na ndevu zake, chakula kinapoa mkononi, "Kumbe kutembea tu, shemeji?" "Kutembea tu!"... na kweli yenyewe?, yeye Simba alikaa, alikaa chini ya lori kama kuku huyo huyo, akalia mpaka kamasi zikakauka, mpaka dereva wa lori la chumvi akaona kitu kinamemeta kwa mbali, kioo kilicholegea, upepo unakichezesha, hata kukichezesha hakukichezesha yeye... "Mimi naona kioo ndicho kije mbele," karani wa ghala akasema polepole, "na watu wakae pale pale, lori linaonekana kuliko mtu," na mpishi, "Wewe umewahi kulala nyikani? Wengi wape, weka kioo nyuma, Simba, weka tumalize," weka, wakati shemeji sasa hivi, shati kichwani, anakanyaga mchanga, lori analiacha nyuma linakuwa dogo, linakuwa kiberiti, na kuku, na kuku, anajisemea, mimi si kuku... Mungu wangu, ungemfanya mbishi mtu yule, ungemfanya wa kunicheka kama hawa, wote wananicheka, hata mtoto wa jirani ananicheka, kwa nini asinicheke yeye mmoja, au alikuwa akicheka, ile siku aligeuza uso ukutani, mabega yakitikisika, nikadhani kikohozi, kikohozi gani kile, kilikuwa kicheko, kiwe kicheko... "Mnamsikiliza huyu?" mpishi anamgonga bega, "mwongo huyu! Mwongo mkubwa hana mfano, hata hiyo nyika sidhani kama anaijua!" na neno lile, ambalo siku nyingine lingemfanya amkunje mtu shati, leo likamwingia kama maji kwenye koo kavu, na kioo bado kiko mkononi, mwalimu anauliza mmekubaliana, naye anamtazama mpishi machoni, sema tena, ndugu yangu, sema kwa sauti, shemeji asikie huko aliko...