Tone Moja la Kahawia

Unadhifu ulimtokea puani Mama Hadubini, nawaambieni. Miaka kumi na mmoja alichunguza kimea kimoja cha kijani, kisicho na ua wala mzizi, kinachotambaa kwenye mawe yenye unyevu. Alikuwa na hakika ni jenasi mpya, ukoo ambao hakuna aliyewahi kuuandika. Sasa mhariri wa jarida amemjibu: kazi nzuri, ila taja matone ya mafuta ndani ya seli, mangapi na ya rangi gani. Bila hayo, jenasi hakuna.

Lahaula! Matone hayo huonekana kimea kikiwa hai, kikikauka, yamekwenda. Naye siku ileile ya kukusanya alivikausha vyote, akavipanga kwenye bahasha, akajipongeza. Kijito alikovikusanya nacho kilishafukiwa, barabara imepita juu.

Tumaini lilibaki kwa dada yake mkubwa, mchoraji, aliyefuatana naye siku ile. Lakini huu ulikuwa mwaka wa nane hawasemezani, tangu Mama Hadubini achapishe makala yenye michoro ya dada bila jina la dada. Alipiga moyo konde, akaenda.

Alimkuta akiandika bango la duka la viatu.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Leo umepotea njia?"

"Nimekuja kuomba. Kwanza msamaha. Halafu mchoro wa kile kimea cha kijitoni, kama unao."

Dada alimaliza herufi yake bila haraka, akanawa mikono, akatoa daftari kabatini. Kimea hicho hapo, kimetazamwa hadubinini na kuchorwa kingali kibichi, seli kwa seli, tarehe na saa pembeni. Ndani ya kila seli, tone moja kubwa la kahawia. Moja tu! Vimea jamaa zake vyote huwa na madogo mengi. Mama Hadubini aliruka kama mtoto, na umri wake ule.

"Chukua," dada alisema. "Sema umeyaona mwenyewe. Si ndivyo ulivyozoea?"

Hilo lilimchoma Mama Hadubini. Alifungua kompyuta yake katikati ya makopo ya rangi. Katika kazi hiyo, majina ya walioieleza jenasi huifuata kila itakapotajwa, milele. Aliandika majina mawili, akamgeuzia dada asome.

"Mbona langu limetangulia? Mimi msomi tangu lini?"

"Wewe ulitazama, dada. Mimi nilikimbilia kukausha."

Dada alisoma tena. Kisha aliketi palepale sakafuni, akalia, na mdogo wake akaketi kando yake.