Danzi kwenye Mchungwa wa Asha

Chungwa lilikuwa limeiva barabara na ngozi yake ilinukia vizuri. Asani alilimenya palepale chini ya mti, akatia kipande kinywani, na uso wake wote ukajikunja. Akakitema mkononi, akakitazama kama anavyotazama koti lililorudishwa na mteja.

Kwa miaka kumi na mmoja mchungwa huu wa marehemu mkewe, Asha, ulizaa utamu mtupu, hata majirani wa mtaa wa Katuba waliokosana walikutana ukutani kwake msimu wa baridi na kujikuta wanasalimiana. Sasa ulikuwa mwaka wa tatu tangu Asha azikwe, na mti ulikuwa unazaa danzi, machungwa machungu.

"Shemeji, muti ikigeuka hivi inaita kifo ingine," alisema Amida, dada ya Asha, aliyekuja na bakuli la kuchumia. "Tuikate yote. Siku ya Ijumaa nitaleta muntu na shoka."

"Mbele ya kuikata, miye nataka kujua iko na nini."

"Weye uko mushonaji tu. Utajua nini ya miti?"

Swali lilimchoma kwa sababu lilikuwa la haki. Asani alijua vitambaa. Tangu serikali ikataze suti na tai, kila karani wa Lubumbashi alitaka abakosti, koti lile la kuvaliwa bila tai, na cherehani yake haikupoa. Mti alimwachia Asha. Asha alipoondoka, akamwachia Mungu. Jambo moja tu alilishikilia: kisu wala panga lisiuguse. Kila chipukizi lililotoka alilipokea kama salamu za mkewe. Huzuni ina ujinga wake, na wa Asani ulikuwa huo.

Lakini asiyejua miti aweza kujua kutafuta kasoro. Koti likivuta begani, fundi hakimbilii kuchana bega. Hufuata mshono hadi pale ulipoanza kupinda. Kesho yake asubuhi, vumbi la Julai likiwa bado limelala, Asani alipanda juu ya kigoda na vibiringo viwili vya uzi, akaonja tunda moja la kila tawi. Chungu, uzi mwekundu. Tamu, uzi mweupe. Alipofika tawi la kumi na nane ulimi wake ulikuwa umekufa ganzi, na uzi mweupe ulikuwa umefungwa mara mbili tu, kwenye vitawi viwili vyembamba upande wa ukuta.

Akacheka peke yake kwa furaha. Kumbe mti haukugeuka. Mlikuwa na miti miwili ndani yake. Akaanza kulinganisha. Majani ya uzi mwekundu yalikuwa na jani jingine dogo kwenye kikonyo, mfano wa ukosi. Ya uzi mweupe karibu hayakuwa nalo. Akayafuata matawi kwa kidole, moja baada ya jingine, kushuka chini. Matawi yote mekundu, manene, yenye miiba, yalichomoza chini ya kovu moja lililozunguka shina kimo cha goti. Meupe yalitoka juu yake.

Ndipo alipokumbuka kwamba Asha aliwahi kumweleza habari ya kovu lile: chini mdanzi, kwa ajili ya mizizi migumu, juu mchungwa, uliobebeshwa, yaani uliopandikizwa juu yake. Yeye alikuwa ameitikia huku akipiga cherehani, bila kusikia. Akakwangua vumbi kwa ukucha. Chini ya kovu palijaa alama ndogo za mviringo, zilizopona zamani, nyingine juu ya nyingine.

Amida alipofika Ijumaa, Asani alimwambia yule mtu wa shoka asubiri nje, kisha akamwonyesha.

"Nani alikuwaka anakata machipukizi huku chini?"

Amida alizipapasa zile alama.

"Asha. Kila mwaka, mbele ya mvula. Weye uko pa mashini yako. Alikuwaka anakatia na makasi yako."

"Makasi gani?"

"Ile ya bitambaa. Alisema hiyo njo inakata muzuri."

Asani akaketi chini. Kila mwaka, mvua zikikaribia, mkasi wake wa thamani ulikuwa butu, naye akigombeza nyumba nzima. Alikuwa amekula machungwa miaka kumi na mmoja bila kuuliza utamu unatoka wapi. Aibu ilimjia, na pamoja nayo mapenzi ambayo alidhani tayari ameyajua yote.

Mtu wa shoka aliitwa. Matawi manene yakaanguka na matunda yake, moja baada ya jingine, hadi ukabaki mti wa vitawi viwili, kama kuku aliyenyonyolewa. Chini ya kovu kilibaki kichipukizi kimoja, laini, unene wa kijiti cha kiberiti.

Amida alimpa kisu akikate. Asani akatikisa kichwa, akaingia ndani, akautoa mkasi wa vitambaa katika flaneli ulimofungwa, akarudi na kupiga magoti.

"Makasi itaharibika," alisema Amida.

"Nitainoa."