Kidole cha Ikram

Simu ililia juu ya meza ya cherehani, ule mlio mkali ambao majirani wa karibu na soko la Mugumu walikuwa wameshauzoea. Zaitun aliacha kisu katikati ya muhogo, akafuta mikono kwenye khanga, akaenda kuiangalia. Kioo kilionyesha tatu nukta nne, na pembeni yake mshale ulioelekea chini.

"Kifungo kinapiga kelele tena," wifi yake Maua alisema bila kugeuka. Alikuwa akikoroga uji wa pilipili manga. "Kile kifungo kina wivu. Kikiona watu wamefunga, nacho kinataka futari."

Kifungo ndilo jina walilokipa kidude cheupe cha duara kilichobandikwa nyuma ya mkono wa Ikram, binti wa Zaitun mwenye miaka tisa. Ikram alikuwa na kisukari kile kinachowapata watoto, kisichokwenda bila sindano za insulini kila siku. Kifungo kilisoma sukari yake chini ya ngozi mchana na usiku, kikaituma kwenye simu ya mama, na kutoka hapo ikaenda kwenye simu ya baba, popote alipo penye mtandao. Kliniki ilikuwa imewapa watoto wachache wakijaribu. Kabla ya hapo walikuwa na kidole tu: kuchoma, kukamua tone, kusubiri namba.

Zaitun alikipenda kifungo lakini hakukiamini moja kwa moja. Wiki iliyopita Ikram alikilalia usingizini, kikatangaza kwamba sukari imeshuka. Wakamnywesha maji ya sukari, na asubuhi mtoto akaamka sukari imepanda hata anatapika. Muuguzi alipopigiwa simu alisema, "Mama Ikram, ukikitilia shaka kifungo, mnawishe mtoto mikono kwa sabuni, mchome kidole. Kidole ndicho cha kuamini." Katika maneno yote hayo, Zaitun aliyashika yale ya mwisho.

"Ikram! Njoo."

Ikram alitoka barazani. Kila jioni ya Ramadhani nyumba yao ilipeleka msikitini sinia la tende zilizotolewa kokwa, kwa ajili ya wazee wenye meno mabovu, na mwaka huu kazi ya kutoa kokwa alikuwa amepewa yeye. Aliifanya kwa fahari kubwa. Sasa alisimama mlangoni, jasho likimetameta puani. Zaitun aliliona, akadhani ni joto la jiko.

"Unajisikiaje?"

"Vizuri."

"Uji wako wa mchana ulikunywa?"

Ikram aliitikia kwa kichwa.

"Udhu unao?"

"Ninao, mama."

Hilo lilimtosha Zaitun. Katika nyumba yao kipimo kilifuata sala. Mtoto akishatawadha mikono yake ni safi, basi achomwe hapo hapo kabla hajashika kitu. Ndivyo walivyofanya tangu alipougua, na namba hazikuwahi kuwapotosha. Na leo alimwona kwa macho yake akitawadha kwa ajili ya Alasiri, akisugua mpaka viwikoni. Alimshika kidole cha kati, akachoma, akakamua, akagusisha kijiti cha kipimo.

Kumi na tisa nukta sita.

Zaitun aliiangalia namba ile, kisha akaiangalia simu. Simu sasa ilisema tatu nukta moja.

"Kuna nini?" Maua aliuliza.

"Kifungo kinasema ameshuka. Kidole kinasema amepanda sana."

Maua alikuja na mwiko wake, akachungulia. Kisha akamtazama Ikram na kucheka. "Wewe! Umekaa na tende saa nzima peke yako. Umepeleka ngapi kwenye sinia, na ngapi tumboni?"

"Sijala, shangazi."

"Kumi na tisa ya hewa hiyo?"

"Sijala!" Ikram alipiga mguu chini. Hakuwa mtoto wa kupiga mguu chini. Zaitun aliona ni hasira ya aliyekamatwa.

"Unamjibu hivyo shangazi yako, mwezi huu?" alisema. "Kaa hapo."

Alikwenda kwenye chungu cha mchanga mbichi walichotunzia dawa isiharibiwe na joto, akatoa kichupa cha insulini na sindano. Akimchoma na kumbe kifungo ndicho kinachosema kweli, insulini itaikomba hata ile sukari kidogo iliyobaki, na mtoto anaweza kuzimia asiamke. Asipomchoma na kumbe kidole ndicho cha kweli, sumu itamjaa mwilini kama mara ile alipolazwa, akihema kama mtu aliyekimbizwa. Zote mbili alizifahamu, lakini aliyoiona kwa macho yake ni hiyo ya pili.

Simu iliita. Alikuwa Shamsudin, mumewe, aliyekwenda Tarime kuchukua bidhaa za duka.

"Mama Ikram, huku naona mbili na nane. Umempa sukari?"

"Kidole kinasema kumi na tisa."

"Kumi na tisa? Lakini mshale unashuka, Zaitun! Unashuka!"

"Na wiki iliyopita je? Si ulishuka vilevile? Muuguzi alisema nini?"

Nyuma ya Shamsudin zilisikika honi za pikipiki. "Alisema kidole," alikubali. "Ila mimi naogopa."

"Hata mimi naogopa. Usikate simu."

Aliiweka simu mezani, sauti ikiwa juu. Alivuta insulini kwenye sindano, akagonga mapovu yatoke. Ilikuwa desturi yake kutomchoma mtoto kabla ya kuomba. Alipiga magoti mbele ya kiti cha Ikram, akaushika mkono wa mtoto katika mkono wake wa kushoto, akafumba macho.

"Bismillahi. Ewe Mola, mimi sijui. Wewe unajua. Usiuache mkono wangu umdhuru mtoto huyu."

"Mama." Sauti ya Ikram ilikuwa nzito, kama ya mtu anayeamshwa. "Wallahi sijala tende. Hata kulamba sijalamba. Nimefunga."

Zaitun alifumbua macho. "Umefanya nini?"

"Nimefunga. Uji niliwamwagia kuku wa Mama Mokami."

"Ikram!"

"Lukmani anasema nakula mchana kama ng'ombe. Wote madrasa wanafunga. Hata Faridu, na yeye bado anakojoa kitandani."

Maua hakucheka. Zaitun alitaka kuinuka, akauachia mkono wa mtoto, na mkono ule haukuachia mara moja. Vidole vya Ikram vilikuwa vimenata kwenye vyake. Aliviinua kwenye mwanga wa mlango. Kwenye ncha, kuzunguka kucha, palikuwa na utando wa rangi ya kahawia, uliokauka na kung'aa.

Udhu anao. Kushika tende hakutengui udhu. Na mtoto aliyefunga kweli halambi vidole. Kumi na tisa ile ilikuwa sukari ya tende, si ya damu.

"Maua, maji! Maji na sabuni!"

Sindano aliitupa kwenye ndoo ya taka kana kwamba imemuuma. Walimnawisha Ikram mikono yote miwili, wakasugua kucha, wakakausha kwa taulo safi. Zaitun alichoma kidole kingine. Tone la kwanza lilienda pembeni. La pili lilishika.

Mbili nukta tano.

"Mbili na nusu!" alipiga kelele kuelekea simu. "Baba Ikram, ni mbili na nusu!"

"Mpe sukari! Mpe!"

Maua alikwishakoroga sukari kwenye kikombe. Zaitun alikipeleka mdomoni mwa mtoto. Ikram alifunga midomo na kugeuza uso.

"Bado adhana," alisema kwa meno yaliyobanwa.

"Mwanangu, kunywa. Wewe ni mgonjwa, umeruhusiwa."

"Imebaki kidogo tu. Nimeweza siku nzima." Macho yake yalianza kuteleza kando. "Niache."

Zaitun hakuthubutu kumlazimisha. Angeweza kupaliwa, maji yakaenda mapafuni.

"Ikram." Ilikuwa sauti ya Shamsudin kutoka mezani. "Ikram, mama, unanisikia? Mimi leo nimekula."

Ikram aligeuka kidogo. "Umekula?"

"Chapati mbili, hapa Tarime, na chai ya maziwa, mchana kweupe. Mungu ameniruhusu kwa sababu nimesafiri. Mimi nitaifunga siku nyingine. Wewe amekuruhusu kwa ugonjwa, na hakudai. Unataka kukataa anachokupa?"

"Mbili?"

"Mbili. Na ya tatu nilimalizia nusu."

Midomo ya Ikram ilifunguka, labda kwa kucheka, labda kwa kuchoka, na Zaitun akamimina funda la kwanza. Alisubiri alimeze. Akamimina la pili. La tatu Ikram alikishika kikombe mwenyewe.

Kisha ukaja wakati mbaya kuliko yote, wakati wa kukaa na kungoja. Simu ilisema mbili nukta nne, kisha mbili nukta tatu, na Shamsudin alikuwa akiisoma kila namba kwa sauti kutoka Tarime kama mtu anayejisomea hukumu yake. Zaitun alimshika mtoto kifuani na kumwambia mumewe atulie, kifungo huchelewa nyuma ya damu. Alilisema kwa uhakika asiokuwa nao. Midomo yake haikuacha kuomba.

Adhana ya Magharibi ililia. Hakuna aliyesogea. Uji ulianza kuota ngozi juu. Sinia la msikitini lilikuwa bado barazani, limefunikwa kawa.

"Mama," Ikram alisema begani pake, "sinia halijaenda. Wazee watasubiri."

Ilikuwa sauti yake ya kila siku. Zaitun alimchoma kidole tena, kile kilichooshwa. Nne nukta mbili. Baada ya muda mfupi mshale kwenye simu nao ulilala, kisha ukainua kichwa.

"Alhamdulillahi," ilisema simu, na Shamsudin akalia bila kujificha.

Maua alilibeba sinia akakimbia nalo msikitini. Alikuwa amebakiza tende moja kwenye kisahani kwa ajili ya wifi yake. Zaitun aliichukua, akafuturu. Ilikuwa laini, imetolewa kokwa vizuri, haikuchanika. Alipomaliza aliangalia vidole vyake viwili vilivyonata. Kisha akainuka, akachukua sabuni, akanawa, akatawadha, akaenda kusali.