Visahani vya Ini

Alivihesabu tena visahani kabla ya kuvitia kwenye mtungi wa mvuke wa kuulia vijidudu. Kumi na viwili. Hapana bwana, hapa kuna namna! Miaka kumi na mmoja ameosha vyombo vya maabara hii, na kila kemikali inayopimwa hutoa visahani ishirini na vinne: nusu vya bakteria watupu, nusu vya bakteria waliochanganywa na maji ya ini la panya.

"Hivi vya rangi ya kiwandani," alimwuliza Miwani, mtaalamu wa zamu, "vyenye ini viko wapi?"

"Ini lilituishia, mama. Lakini usijali, rangi ni salama. Ripoti inatoka leo."

Salama! Mumewe anachovya vitambaa katika rangi hiyohiyo tangu mwaka juzi, na asubuhi ile alikojoa damu, akasema eti ni uchovu.

"Si wewe uliyenieleza kwamba kuna vitu vikiwa peke yake havidhuru, ila vikiingia mwilini ini linahangaika kuvitoa, na katika kuhangaika huko linavigeuza sumu ya kuharibu vinasaba? Sasa bila ini umepima nini?"

Miwani alijikuna kichwa. "Mama nawe! Ungekuwa wakili."

"Usinizungushe. Kuna kichupa kimoja cha ini chini kabisa ndani ya friza, nyuma ya barafu. Nilikiona nikifuta."

Mwosha vyombo hakujua kama angefukuzwa au la. Kisha Miwani akairudisha ripoti kwenye droo, akavaa glavu.

Siku mbili za kusubiri bakteria wakue, mwosha vyombo alimsihi mumewe asiende kazini. Mumewe alicheka tu, akaenda.

Miwani alipofungua kabati la joto la kukuzia bakteria, visahani visivyo na ini vilikuwa na vidoa vichache, kila kidoa ukoo wa bakteria waliobadilika vinasaba. Vyenye ini vilijaa vidoa pomoni, huoni pa kuweka kidole. Miwani alikaa chini.

Mwosha vyombo tayari alikuwa na simu sikioni, akimpigia mumewe.

"Toka humo kiwandani. Sasa hivi!"

"Kuna nini tena, mama watoto?" Mashine zilinguruma nyuma yake. "Sema haraka, simu nimeibana kwa bega, mikono imo ndani ya pipa."

"Itoe!"

"Ngoja nimalize hiki kimoja," alisema, na rangi ikasikika ikichapa kingo za pipa.