Raba ya Mlango wa Wakwe

Tangu alfajiri Mwanakheri alikuwa amemwonya mumewe: leo wageni wa posa wakija, neno raba lisitoke kinywani mwake. Anwar akaapa, wallahi, hatalitaja. Na Mwanakheri, pamoja na miaka yote ya ndoa, bado alikuwa mjinga wa kumwamini.

Maana mtu huyu, tangu kiwanda cha Changamwe kimweke kwenye mashine ya raba za milango ya magari, hana mazungumzo mengine. Ukimpa chapati anaivuta aone itanyumbuka vipi. Posa ya kwanza ya binti yao Jalila ilivunjika hivyo hivyo: aliwaambia wageni dashibodi ya gari lao ni ya plastiki duni, wakavaa viatu wakaenda zao. Safari hii mchumba ni Rashad wa Kisauni, na Jalila mwenyewe anamtaka. Hii nayo ikiharibika, Mwanakheri ameshasema, yeye atarudi kwao.

Wageni wakafika nyumbani kwao, mtaa wa Shika Adabu, Rashad akiwaendesha wazee wake. Wanaume wakaketi sebuleni, halua ikapita, kahawa ikapita. Mzee Nyale, babake Rashad, akakohoa kidogo aanze maneno. Ajibiwe na nani? Kiti cha Anwar kitupu!

Mwanakheri, aliyekuwa chumba cha pili na wanawake, akachungulia dirishani. Ya Rabi! Mtu na kanzu yake nyeupe amechuchumaa kwenye gari la wakwe, kaing'oa raba ya mlango, na ncha yake anaichoma kwa kiberiti.

Akatoka mbio. "Baba Jalila! Una wazimu?"

"Njoo uone, inayeyuka!" Anwar alikuwa akicheka. "Mpira wa kawaida ungeungua tu. Hii ni thamoplastiki: ukiipasha moto inalainika, ikipoa inavutika kama mpira. Hata mabaki hatutupi, twayeyusha twaunda nyingine. Na nyepesi! Huenda imetoka mashine yangu."

"Imetoka gari la Mzee Nyale!" Mwanakheri alifoka. "Watu wamekuja kuomba mke, wewe wawachomea gari! Nimechoka nawe, Anwar, nimechoka!"

Mzee Nyale alishafika uani, uso umemwiva kwa hasira. "Bwana Anwar, gari hili halijamaliza mwezi. Tumeona, inatosha. Rashad, twende." Akaingia garini. Mwanakheri akahisi machozi yanamjia, ya uchungu na ya hasira pamoja.

Hapo Jalila akatoka. Mwari anayeposwa, ambaye siku hiyo hata sauti yake haikupaswa kusikika, akapita katikati ya wanaume, akampokonya babake ile raba, akapiga magoti akaanza kuisukuma mahali pake kwa vidole.

"Shikamoo, baba," akamwambia Mzee Nyale. "Nairudisha. Lakini nikimaliza msiondoke, hamjaniomba bado."

Mzee Nyale aliwatazama wenzake, akamtazama msichana jasho likimtiririka.

"Marahaba, mwanangu," akasema mwishowe, akateremsha mguu mmoja chini.

Rashad hakungoja kuambiwa. Akapiga magoti, akashika upande wa pili wa raba. Anwar akafungua kinywa awaambie wameigeuza ndani nje. Mwanakheri akamziba mdomo kwa kiganja, na hakukiondoa mpaka wageni waliporudi sebuleni.